Waulize Mafundi: Nywila bilioni 16, tiki ya tatu, na mashine inayodai mwanafunzi kadanganya

Karibu barua zote za safari hii zimeanza na maneno "nimesoma kwamba". Tumechukua sita.

Nimesoma kwamba nywila bilioni 16 zimevuja, za Google, Apple na Facebook zikiwamo. Nimeshabadilisha zangu mara mbili. Nibadilishe tena?

Usibadilishe kitu kabla hujajua zilivujia wapi. Taarifa hiyo ilitoka Juni 2025, watafiti wa tovuti ya Cybernews walipokuta mafungu 30 ya data yaliyoachwa wazi mtandaoni. Mistari yote ikijumlishwa inafika bilioni 16. Watu duniani ni kama bilioni 8, na si wote wenye akaunti, kwa hiyo idadi yenyewe inakwambia kwamba mistari mingi imejirudia na mingine ni ya zamani. Hakuna aliyevunja seva za Google wala za Apple. Sehemu kubwa ya data hiyo ilichotwa kwenye kompyuta za watumiaji wenyewe, na programu hasidi za kuiba taarifa. Hapo ndipo vichwa vya habari vilipopotosha: vilimfanya msomaji akodolee macho lango la kampuni, kumbe mwizi yumo chumbani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Programu hizi hazina haja ya kukaa sana. Inaingia, ndani ya dakika chache inakusanya nywila zote ulizohifadhi kwenye kivinjari, vidakuzi (cookies), na funguo za pochi za sarafu za kidijitali, inazituma kwa bwana wake, na nyingine hujifuta zikimaliza. Moja yao, Lumma, Microsoft iliikuta kwenye kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows ndani ya miezi miwili tu, kati ya Machi na Mei 2025.

Milango yake ni michache na inajulikana. Kuna programu za kulipia zilizovunjwa kufuli na kugawiwa bure. Kuna ukurasa unaokwambia kivinjari chako kimepitwa na wakati, pakua hapa. Na kuna hila ambayo sasa imeshamiri: ukurasa unajifanya unahakiki kama wewe ni binadamu, kisha unakuagiza ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Ulipobofya kile kisanduku, ukurasa ulinakili amri kimyakimya. Wewe mwenyewe ndiye unayeibandika na kuitekeleza. Hakuna uhakiki wa kweli unaotaka ubonyeze vitufe hivyo. Hata mmoja.

Vidakuzi ndivyo vinavyosahaulika zaidi. Kidakuzi cha kuingia ni kama tiketi iliyokwisha kugongwa muhuri: tovuti ikikiona haikuulizi tena nywila wala namba ya hatua ya pili. Mwizi akikipandikiza kwenye kivinjari chake, anaingia moja kwa moja. Ndiyo maana mtu anabadilisha nywila mara mbili na bado akaunti inachezewa.

Kwa hiyo kama una sababu ya kushuku kompyuta yako, usibadilishe nywila ukiwa juu yake, maana utakuwa unamkabidhi mwizi zile mpya. Chukua kifaa kingine, simu ya kuaminika inatosha. Anza na barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayoweza kufungua akaunti nyingine zote. Badilisha nywila, kisha tafuta sehemu ya kuondoa vifaa vyote vilivyoingia; hatua hiyo ndiyo inayoziua zile tiketi. Kagua namba ya simu na anwani ya kurejeshea akaunti. Kagua pia vichujio na usambazaji wa barua: wezi hupenda kuacha kanuni inayowatumia nakala ya kila barua, na kanuni hiyo haiondoki kwa kubadilisha nywila. Washa hatua ya pili kwa programu ya kuzalisha namba au, palipo na nafasi, kwa ufunguo wa siri (passkey), kabla ya kufikiria ujumbe mfupi wa simu. Zile namba za dharura ziandike kwenye karatasi.

Kompyuta yenyewe isafishe kwa kusakinisha Windows upya. Hifadhi nyaraka na picha peke yake. Mafaili ya programu, yanayoishia na .exe, yaache yaende na maji.

Kama huna dalili yoyote, ingiza anwani yako ya barua pepe kwenye Have I Been Pwned, tovuti aliyoianzisha Troy Hunt mwaka 2013, ikuonyeshe kama anwani hiyo imo kwenye data zilizovuja. Wengi wanaogopa ile sehemu yake ya kupima nywila, na kuogopa kuandika nywila kwenye tovuti ngeni ni tabia njema, lakini hii imeundwa kwa akili: kivinjari chako kinaisaga nywila kwa hesabu iitwayo SHA-1 mpaka iwe msururu wa herufi 40, kinatuma 5 za mwanzo tu, kinarudishiwa orodha ya zote zinazoanza hivyo, na ulinganisho unafanyika kwako. Na kubadilisha nywila kila baada ya miezi mitatu bila sababu? Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kupendekeza jambo hilo tangu 2017, kwa kuwa watu huishia kuongeza 1, halafu 2, halafu 3 mwishoni.

Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna ujumbe kwamba tiki ya tatu ya bluu ikitokea, serikali imesoma. Ni kweli?

Si kweli. Tiki moja ya kijivu, ujumbe umetoka. Mbili za kijivu, umefika. Mbili za bluu, umesomwa. Ya tatu haijawahi kuwepo.

Tazama juu ya ujumbe wenyewe: pengine una mishale miwili na maneno kwamba umesambazwa mara nyingi. Alama hiyo hutokea ujumbe ukishapita mikono mitano au zaidi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hupelekwa kwenye chati moja tu kwa wakati. WhatsApp inajua ni uvumi unaokimbia ingawa haijui unasema nini.

Usimbaji wa mwisho hadi mwisho umewekwa kwa wote tangu 2016, kwa hiyo njiani hasomi mtu. Mianya iko penginepo. Nakala ya akiba inayopandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni haikusimbwa hivyo mpaka uwashe mwenyewe: Mipangilio, Chati, Hifadhi nakala. Utachagua nywila au ufunguo wa tarakimu 64, na ukiupoteza hakuna wa kukurudishia. Mwanya wa pili ni vifaa vilivyounganishwa. Fungua orodha hiyo leo. Ukiona kompyuta usiyoitambua, huyo ndiye msomaji wako, na hatumii tiki.

Kila huduma kubwa zikizimika, watu mitandaoni wanatania kuwa "ni DNS tu, siku zote ni DNS". Hiyo DNS ina ubovu gani hata haitengenezeki?

Utani huo una nusu ya ukweli. DNS ni daftari la simu la intaneti: unaandika jina la tovuti, yenyewe inakupa namba ya seva. Kwa kuwa ni hatua ya kwanza ya karibu kila jambo, ikikwama kila kitu kinaonekana kimekufa, hata kama seva zenyewe ni nzima. Inalaumiwa kama mlinzi wa getini anavyolaumiwa kwa matatizo ya nyumba nzima.

Chukua tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipopotea kwa muda wa saa sita hivi. Chanzo kilikuwa amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida, ikakata mtandao mkuu unaounganisha vituo vya data vya kampuni. Kulikuwa na programu ya kukagua amri za namna hiyo, nayo ilikuwa na kasoro, ikaipitisha. Seva za DNS za Facebook zilikuwa zimepangwa hivi: zikishindwa kuvifikia vituo vya data, zijione mbovu na ziache kujitangaza kwenye intaneti kupitia BGP, utaratibu ambao mitandao huutumia kuambiana njia za kufikiana. Zikafanya hivyo, zote kwa pamoja. Dunia ikaona DNS imepotea, kumbe DNS ilikuwa inatii. Na mafundi hawakuweza kutengeneza wakiwa mbali kwa sababu vyombo vyao vya kazi vilitegemea mtandao uleule uliokatika. Ilibidi watu waende kwa miguu yao mpaka kwenye mitambo.

Tukio la Amazon la 20 Oktoba 2025, kwenye eneo lake la kaskazini mwa Virginia, ni tofauti. Hapo DNS ilikamatwa na kisu mkononi. Programu mbili za kujiendesha zilikuwa zinaandika anwani za hifadhidata ya DynamoDB. Moja ikachelewa, ikaandika mpango wa zamani juu ya ule mpya. Nyingine ikaja kufagia mipango ya zamani, ikaufuta ule uliokuwa unatumika. Jina likabaki bila anwani hata moja. Huduma nyingine nyingi zilijengwa juu ya hifadhidata hiyo, zikaanguka kwa zamu.

Hasira yetu haiko kwa DNS. Iko kwa kampuni zinazoweka mayai yote kwenye eneo moja kwa sababu ni rahisi kuliko kujenga mahali pawili, halafu zikatangaza kwamba tatizo lilikuwa "la mtoa huduma".

Wewe mtumiaji, kwanza jua kama tatizo ni lako au lao. Fungua tovuti nyingine mbili tatu zisizohusiana. Zikifunguka, hama kutoka Wi-Fi kwenda data ya simu ujaribu tena ile iliyogoma. Ikifunguka kwenye data, DNS ya mtandao wako wa Wi-Fi inashukiwa: weka DNS ya Cloudflare (1.1.1.1) au ya Google (8.8.8.8) kwenye mipangilio ya mtandao, na kwenye Windows endesha amri ipconfig /flushdns ili kompyuta isahau majibu ya zamani. Ikigoma kote, tatizo ni lao. Hapo usiguse kitu. Usitoke kwenye akaunti, maana hutaweza kuingia tena mpaka wapone, na usifute programu ukidhani utaisakinisha upya: mazungumzo ambayo hayakuwekewa nakala huondoka nayo. Usishangae pia jirani akirudi hewani nusu saa kabla yako. Kila jibu la DNS lina muda wake wa kuhifadhiwa, na lako halijaisha.

Mimi ni mwalimu. Programu ya kugundua maandishi ya akili mnemba imesema insha ya mwanafunzi wangu imeandikwa na mashine kwa asilimia 90. Nimwadhibu?

Usimwadhibu kwa ushahidi huo. Asilimia hiyo haimaanishi kuna uwezekano wa 90 kwa 100 kwamba kadanganya. Programu hizi kwa kiasi kikubwa hupima jinsi maneno yanavyotabirika: sentensi za urefu unaolingana, msamiati wa kawaida, mpangilio nadhifu. Mwanafunzi mwangalifu anayeandika kwa lugha ya pili huandika hivyohivyo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima programu 7 kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, asilimia 61 ya insha hizo zilihukumiwa kuwa za mashine. Huu ndio mtego wa panya, huingia waliomo na wasiokuwamo.

OpenAI, wenye ChatGPT, walitoa kigunduzi chao Januari 2023. Kwa vipimo vyao wenyewe kilikamata asilimia 26 ya maandishi ya mashine na kuwasingizia binadamu kwa asilimia 9. Walionya pia kwamba nje ya Kiingereza kinafanya vibaya zaidi. Julai mwaka huohuo wakakiondoa.

Hebu tupige hesabu. Una insha 200, na tuseme 10 zimeandikwa na mashine. Kwa viwango hivyo utakamata takriban 3 kati ya hizo 10. Kati ya 190 za halali, utawashuku watu 17. Mbele yako watasimama 20, na 17 hawana hatia. Chukua kigunduzi kingine chenye sifa nzuri zaidi, namba zitabadilika, lakini mradi wadanganyifu ni wachache darasani, wasio na hatia watajaa kwenye orodha.

Zipo njia za kazi. Kama insha iliandikwa kwenye Google Docs, omba uonyeshwe historia ya matoleo: mtu aliyeandika huonekana akifuta, akirudi nyuma, akihamisha aya, aliyebandika huonyesha kurasa tatu zikitua kwa sekunde moja. Hata hiyo si hukumu, kwani wapo wanaoandika penginepo kwanza. Faili la Word lina jumla ya muda wa kuhariri kwenye sifa zake. Kisha fungua kila rejea. Akili mnemba hutunga vitabu na kesi ambazo hazipo, kwa uso mkavu. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani kesi sita za kubuni walizopewa na ChatGPT. Mwisho, mkae dakika 10 na mwanafunzi, umuulize kwa nini alichagua mfano ule na angekata wapi kama ungempa nusu ya nafasi. Aliyeandika atabishana nawe.

Kuna mbinu inayosifiwa sana mitandaoni ya kuficha agizo kwa herufi nyeupe ndani ya swali ili mashine inase. Hatuipendi. Mwanafunzi asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini atasomewa agizo hilo kwa sauti, na ataamini ni sehemu ya swali.

Vitabu nilivyonunua kwenye kifaa changu vinaweza kuondolewa?

Vinaweza, na imeshatokea. Julai 2009 Amazon ilifuta kwenye vifaa vya Kindle nakala za vitabu viwili vya George Orwell ambazo muuzaji wake hakuwa na haki ya kuziuza. Wasomaji walirudishiwa fedha, vitabu vikaondoka na alama walizoweka. Kitufe kimeandikwa "nunua" lakini unachopata ni leseni ya kusoma. Jimbo la California limepitisha sheria, inayotumika tangu Januari 2025, ya kuwalazimisha wauzaji waseme hivyo waziwazi. Februari 2025 Amazon iliondoa pia njia ya kupakua kitabu kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Ukitaka kitabu kikae, nunua faili la EPUB, muundo wa vitabu vya kidijitali, lisilo na kufuli, na uweke nakala mbili mahali tofauti.

Kompyuta yangu ya 2016 inatumia Windows 10. Habari zinasema sasa ni takataka. Niitupe?

Kilichoisha tarehe 14 Oktoba 2025 ni marekebisho ya bure ya usalama. Kompyuta inawaka kama kawaida. Tatizo ni kwamba kila tundu jipya litakalogunduliwa litabaki wazi. Microsoft imefungua mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026. Uingie kama unahitaji muda wa kupumua, ila ujue unaahirisha tu.

Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, rami (RAM) ya gigabaiti 4, diski ya 64, na kwa Intel kichakato cha kizazi cha 8 kuendelea. Cha 2016 hakifiki. Zipo njia za kukwepa ukaguzi huo, lakini Microsoft haikuahidi masasisho kwa kompyuta zilizoingizwa kwa dirishani, na hatuoni raha ya kuishi hivyo. Kwa maoni yetu, kuzifungia nje mashine zinazofanya kazi vizuri ni uamuzi wa kibiashara kama ulivyo wa kiusalama.

Jaribu Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows. Inataka rami ya gigabaiti 2, nzuri zaidi 4, na nafasi ya gigabaiti 20 kwenye diski. Kwanza nakili mafaili yako nje. Kama diski imesimbwa na BitLocker, kufuli la diski la Windows, andika ufunguo wake wa kurejeshea kabla ya kugusa chochote, maana ukibadilisha mipangilio ya kuwasha utaulizwa. Pakua faili la ISO, yaani Mint nzima ndani ya faili moja, hakiki alama yake ya SHA-256 ujue halikuharibika, kisha liandike kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Kulinakili tu kama unavyonakili picha za kawaida hakutoshi, haitawaka. Na kila kilichomo kwenye flashi kitafutika. Zima Windows huku umeshikilia Shift ili izime kabisa, la sivyo Linux itaikuta diski imefungwa nusunusu. Washa ukigonga F12 kwa Dell na Lenovo, Esc au F9 kwa HP, Esc au F8 kwa Asus, uchague flashi.

Mint itafunguka bila kugusa diski. Kaa humo saa nzima kabla ya kusakinisha: pima Wi-Fi, sauti, kamera, printa, na kama kompyuta inaamka baada ya kulala. Wi-Fi yenye chipu ya Broadcom ndiyo husumbua zaidi; unganisha simu kwa waya wa USB ikupe intaneti, kisha fungua Kidhibiti cha Viendeshi. Ikiwa kazi yako inategemea programu ya Windows isiyo na mbadala, sakinisha kando ya Windows badala ya kufuta diski, na hiyo Windows uitumie bila intaneti.

Kama bado ina diski ya kuzunguka, weka SSD, diski isiyozunguka, kabla ya yote haya. Hakuna Linux wala Windows itakayoificha polepole ya diski ya zamani.